Giza, Mbalamwezi na Siku Zako
(Mazungumzo ya muuguzi mkunga na wachuuzi wa dagaa na wavuvi, Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza)

Mwangaluka, mama zangu. Mwangaluka na ninyi kaka zangu mliojibanza nyuma ya magunia. Nimewaona, na nimefurahi kwamba hamkuondoka mliposikia mada.

Mwenyekiti wenu aliniomba nizungumzie afya ya mama. Nikamwambia hiyo ni ya wiki nzima. Leo nitazungumza jambo moja, lile mnaloniuliza kwa kunong'ona mkishamaliza kumpimisha mtoto uzito, mkono tayari uko kwenye kitasa cha mlango: hedhi na tendo la ndoa. Lini inafaa, lini haifai, na lini damu inayotoka si ya kawaida.

Nianze na ratiba yenu, maana ndiyo inayofanya swali la Mwaloni lisifanane na swali la Capri Point, mtaa wa wenye nazo. Dagaa huvuliwa gizani. Taa zinawashwa juu ya maji, dagaa wanazifuata, wavu unashuka. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina kazi tena. Mitumbwi inapumzika na baba anarudi nyumbani kutoka Goziba, Ukara au Kome. Akikaa wiki amekaa sana. Giza likirudi, hayupo. Kwa hiyo katika nyumba nyingi za hapa siku ya mume na mke kukutana haichaguliwi na hamu. Inachaguliwa na mbalamwezi, na mwili wa mwanamke una hesabu yake yenyewe.

Ndiyo maana kila mbalamwezi ikikaribia napata swali lile lile: "Sista, mzee anashuka Alhamisi, mimi siku zangu zinaanza Jumatano. Nifanyeje?"

Nitalijibu kama mkunga, si kama sheikh wala mchungaji. Mwislamu anayo Surat Al-Baqara, aya ya 222, inayomwambia mume akae mbali na tendo hilo mpaka mke atoharike. Mkristo akifungua Mambo ya Walawi, sura ya 15 na ya 18, atakuta makatazo ya Waisraeli wa kale, na kila kanisa lina namna yake ya kuyasoma. Mwenye imani yake aishike. Mimi simwachishi mtu dini yake hapa sokoni. Ila msichanganye katazo la dini na ugonjwa. Kitabibu, damu ya hedhi si sumu. Ni damu pamoja na utando wa ndani wa kizazi uliokuwa umeandaliwa kwa ajili ya mimba, na mimba haikuja. Kwa kawaida ni kama vijiko viwili au vitatu vya chakula kwa siku zote za hedhi, ingawa ukiiangalia kwenye kitambaa utaapa ni lita nzima. Mwanamume akikutana na mkewe katika siku hizo haishiwi nguvu, mgongo wake haukauki, na kisonono hakizaliwi na hedhi. Kisonono kina bakteria wake. Kama yumo, kaletwa na mtu.

Najua kuna mitumbwi ambayo mwanamke aliye kwenye siku zake haruhusiwi hata kuishika ubavu, eti samaki watakimbia. Samaki wanakimbia kokoro na nyavu za macho madogo. Tuendelee.

Kwa hiyo jibu la Alhamisi na Jumatano ni hili: mkitaka wote wawili, na imani yenu haiwazuii, mwili haudhuriki. Wapo wanawake wanaosema wakifika kileleni tumbo la hedhi linapungua, na ni kweli kwa baadhi yao. Wapo ambao katika siku hizo hawataki hata kuguswa begani, na hao nao ni wazima. Akisema leo hapana, kaka, ni hapana. Hana haja ya kukuletea cheti cha daktari, na wewe kulipa nauli na kupanda boti hakukupi haki ya kulazimisha.

Lakini lipo "lakini" moja kubwa, na hapa naomba msikilize vizuri. Damu hubeba Virusi vya UKIMWI. Mwanamke mwenye virusi ambaye hatumii dawa anaweza kumwambukiza mwenzake kwa urahisi zaidi akiwa kwenye hedhi. Na yeye asiye navyo hana kinga ya ziada katika siku hizo. Damu hupunguza ile tindikali ya ukeni inayowazuia wadudu, na mlango wa kizazi unakuwa wazi kidogo kuliko kawaida. Sisi watu wa mialoni, huku mitumbwi inakotia nanga, hatuwezi kujifanya hatujui hali yetu. Baba amekaa kisiwani wiki tatu, mama amekaa sokoni wiki tatu, na kati yao kuna wenye mitumbwi wanaotoa dagaa kwanza kwa anayekubali kulala nao. Sitaji mwalo wala mtu. Wanaofanya wanajijua, na wanaofanyiwa najua wanavyolia. Basi kama hamjapima pamoja, kondomu, na katika siku za damu kondomu mara mbili ya msimamo wenu wa kawaida. Si kondomu mbili kwa pamoja, hizo zinachanika, namaanisha msilegee. Mwenye virusi anayemeza dawa vizuri na kipimo kikaonyesha virusi vimefubaa kabisa hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa, awe kwenye hedhi au hayupo. Na kama kondomu imepasuka, au umelazimishwa, dawa za kuzuia maambukizi zipo, zinamezwa siku 28, lakini lazima uanze ndani ya saa 72. Ukiniletea habari hiyo baada ya mbalamwezi kuisha, umechelewa.

Sasa mimba. Hapa ndipo penye ubishi mwingi, kwa sababu kila mtu ana "siku salama" zake alizorithi kwa shangazi.

Mzunguko unahesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya damu mpaka siku moja kabla ya damu inayofuata. Wengine una siku 21, wengine 35. Zote ni kawaida. Hiyo 28 ya kwenye mabango ni wastani tu, msijipime nayo. Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayokuja. Rudieni: kabla ya inayokuja. Watu wanahesabu 14 kutoka iliyopita, na ndiyo maana watoto wengi wa hapa wana majina ya mshangao. Yai likitoka linaishi saa 12 mpaka 24. Mbegu za mwanamume zinaishi ndani ya mwanamke mpaka siku tano. Kwa hiyo siku za kushika mimba ni kama sita: tano kabla ya yai na siku ya yai yenyewe.

Tuchukue mama mwenye mzunguko wa siku 24. Toa 14, yai lake linatoka karibu na siku ya 10. Hedhi yake ni siku sita. Mzee anashuka siku ya sita, damu imebaki kidogo, wanasema hapa hakuna neno, bado yuko mwezini. Mbegu zinasubiri siku nne, yai linazikuta. Mama huyo atakuapia kwamba alipata mimba akiwa kwenye hedhi, watu watamcheka, na yeye ndiye anayesema kweli.

Halafu kuna upande wa pili, ambao hausemwi kabisa, nao unavunja ndoa. Kutoka mbalamwezi hadi mbalamwezi ni siku 29 na nusu. Wako wanawake wengi ambao mzunguko wao nao ni siku 29 hivi. Sasa chukua mama ambaye damu yake imeanza siku ya mbalamwezi kamili. Mume yuko nyumbani siku tatu kabla na siku nne baada. Yai la mama huyu litatoka karibu na siku ya 15, yaani mume ameshaondoka na giza limetanda ziwani. Mwezi unaofuata mambo yanasogea nusu siku tu. Mwezi wa tatu, nusu siku nyingine. Baada ya nusu mwaka yamesogea siku tatu. Mwili hauendi kwa usahihi wa saa kama nilivyopiga hesabu hapa, lakini mmeona kinachotokea: watu wanaweza kuishi pamoja karibu mwaka mzima, wanapendana, wanakutana kila baba anaposhuka, na yai na mbegu hazijawahi kuonana hata mara moja. Mama mkwe anaanza maneno. Binti anaitwa mgumba. Anapelekwa kwa mganga Sengerema, anapikiwa mizizi ya chango, mbuzi anachinjwa. Na dawa yake ilikuwa mume apumzike gizani mara moja, apoteze uvuvi wa siku sita, abaki nyumbani.

Sisi kliniki tunaanza kusema kuna tatizo la kupata mimba pale mume na mke wamekutana mara kwa mara, bila kinga, kwa mwaka. Mara kwa mara maana yake ni kila siku mbili tatu. Wiki moja ya mbalamwezi haihesabiki hivyo. Kwa hiyo kabla hamjamwita mtu mgumba, leteni kalenda. Na mje wote wawili, maana mbegu nazo hupimwa.

Utajuaje yai linakaribia? Andika. Weka alama kwenye kalenda ya ukutani kila siku ya kwanza ya damu, miezi sita, uone mizunguko yako inacheza kati ya siku ngapi na ngapi. Tena uangalie ute. Siku nyingi unakuwa mkavu, au ute ni mzito. Yai likikaribia, ute unakuwa mwepesi, unateleza, ukiushika kati ya vidole viwili unavutika kama ute wa yai bichi la kuku. Anayetafuta mtoto hizo ndizo siku zake. Asiyetafuta, akae mbali nazo au avae kinga. Lakini kwa anayetaka kuzuia mimba nitasema wazi: kalenda peke yake, kwa mtu ambaye mume anakuja siku saba tu na lazima zitumike, itakuangusha. Kuna sindano ya miezi mitatu, kuna kijiti, kuna kitanzi, kuna vidonge, na vituo vya serikali havitozi. Na kama mmeshateleza, vidonge vya dharura vinafanya kazi vizuri zaidi kadiri unavyowahi.

Jambo linalonikera zaidi kuliko yote sijalisema bado. Mzee anashuka kesho, damu imekatika jana, mama anaingia bafuni na sabuni ya mche. Anajisafisha ndani kwa kidole mpaka anasikia kukwaruza. Wengine wanaongeza ndimu. Wengine wanatumia shabu, ili "pabane", mume aone kama hajaenda popote. Mama zangu, uke unajisafisha. Ndani mle kuna bakteria wazuri wanaotengeneza tindikali inayowazuia wabaya. Hedhi ikipita tayari wamepungua kidogo, wanahitaji siku chache wajirudishe, nawe unawamwagia sabuni. Shabu inakausha ngozi laini ya ndani, tendo likija inachubuka, na kila mchubuko ni mlango wa virusi. Nje osha kwa maji. Ndani usiingize kitu.

Wale wabaya wakishinda, vitabu vyetu vinasema dalili ni harufu ya samaki. Hapa Mwaloni dalili hiyo haitusaidii sana. Kwa hiyo angalia majimaji: mepesi, ya kijivu, mengi, na harufu inazidi baada ya tendo au baada ya hedhi. Inatibika kwa vidonge vya siku saba. Usiongeze sabuni.

Nimesema nitaeleza damu isiyo ya kawaida. Hedhi ya kawaida haizidi siku saba. Ukiona pedi inalowa ndani ya saa moja au mbili, mara kwa mara, au mabonge makubwa kuliko sarafu ya shilingi 500, njoo. Utapimwa damu, maana wengi wenu mnaosema "mgongo na kizunguzungu ni kazi ya kuanika dagaa juani" mmepungukiwa damu. Mama ambaye hedhi imekoma mwaka mzima kisha akaona hata tone, asingoje. Na yeyote anayetokwa na damu baada ya tendo la ndoa, wakati si siku zake, aje wiki hiyo hiyo.

Hapo kwenye damu baada ya tendo nitakaa kidogo. Alikuja mama mmoja, mchuuzi kama ninyi, umri wa miaka 30 hivi. Kila mume akishuka, damu. Maumivu ndani, majimaji, tena damu. Alikuwa ametibiwa magonjwa ya zinaa mara kadhaa, sindano na vidonge, na haponi. Mume akahitimisha kwamba mke anatembea, anapona na kujiambukiza tena. Ndoa ilikuwa imebaki uzi. Nikamuuliza ulikulia wapi? Akasema Kwimba, nyumbani kwao wanalima mpunga, tangu mtoto alikuwa akishinda majarubani na kuchota maji lambo. Tulipomwangalia kwa taa, mlango wa kizazi ulikuwa na mabaka ya manjano yenye chembechembe. Hakikuwa kisonono. Kilikuwa kichocho cha uzazi.

Kichocho tunakijua wote Kanda ya Ziwa, lakini kiko cha aina mbili. Kile cha ufukweni mwa ziwa kwa kawaida kinashika utumbo na ini. Kile cha majaruba na malambo, kuanzia Misungwi kwenda Kwimba, Maswa na Shinyanga, ndicho cha mkojo, na mayai ya minyoo yake hukwama pia kwenye mlango wa kizazi na ukeni. Yanaleta vidonda, maumivu ya tendo, damu, na wakati mwingine ugumba. Makadirio ya kimataifa yanataja wanawake milioni 56 barani Afrika, na wengi wao wanatibiwa ugonjwa mwingine. Kipimo cha mkojo kinaweza kisionyeshe kitu, kwa hiyo usikubali kuambiwa "huna" kabla hujaangaliwa kwa taa. Dawa ni prazikwanteli, inatolewa kwa uzito wako, mara nyingi dozi moja. Inaua minyoo, vidonda vya zamani vinaweza kubaki, kwa hiyo wahini. Yule mama sikumruhusu aondoke peke yake. Nilimpigia mume simu aje nimweleze mbele yake, kwamba ugonjwa huu mkewe aliuchukua akiwa na miaka minane, akichota maji.

Damu hiyo hiyo inaweza kuwa saratani ya mlango wa kizazi, ndiyo saratani inayowashika wanawake wengi zaidi nchini. Uchunguzi wake ni wa dakika chache: tunapaka siki, tunaangalia, kama kuna mabadiliko ya awali yanatibiwa mara nyingi siku hiyo hiyo. Usije ukiwa kwenye hedhi, hatutaona vizuri. Na mabinti zenu wa miaka 9 hadi 14 wapeni chanjo. Ilianza nchi nzima mwaka 2018 kwa wa miaka 14. Mwaka 2024 ikawa dozi moja, kwa wote wa miaka 9 hadi 14. Haifungi kizazi. Wa kwanza waliochanjwa wameshaanza kuzaa.

Kaka zangu, mmekaa kimya sana. Mke akikutwa na ugonjwa wa zinaa, nawe unatibiwa, hata kama hujisikii kitu. Mkoa huu huu ndio uliofundisha dunia jambo hilo. Kati ya 1991 na 1994 watafiti waliboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa katika vituo vya afya vya vijijini Mwanza, na matokeo yaliyochapishwa 1995 yalionyesha maambukizi mapya ya VVU yamepungua kwa karibu asilimia 40. Matibabu hayo ni pamoja na kumwita mwenzi. Anayemwacha mkewe ameze dawa peke yake kisha anapanda boti, akishuka anamrudishia.

Mimi yangu yameisha, vikaratasi vya maswali vimeanza kufika. Msiandike majina. Cha kwanza: "Nameza vidonge vya mpango, je naweza kusogeza hedhi mume akiwepo?" Unaweza. Kwenye pakiti ya vidonge 28, vile saba vya kahawia ni madini ya chuma tu, na ukiviruka ukaanza pakiti mpya moja kwa moja, hedhi haiji. Si hatari kwa mtu mwenye afya. Lakini presha ipimwe kwanza, na kama unanyonyesha mtoto chini ya miezi sita hivyo si vidonge vyako, njoo tukubadilishie.

Cha pili, mwandiko huu ni wa kiume: "Mke wangu tangu achome sindano damu imekata miezi mitano. Inajaa wapi?" Haijai popote, kaka. Sindano inaufanya ule utando wa kizazi uwe mwembamba, kwa hiyo hakuna cha kutoka. Wengine inawaletea matone matone kwa wiki kadhaa, nayo haizuii kukutana. Akiacha sindano, hedhi inaweza kuchukua miezi kadhaa kurudi, na mimba vilevile. Kwa hiyo mkitaka mtoto mwakani, pangeni sasa. Lete kinachofuata.